Unono wa Mama

Mvuke wa wali mweupe hunichefua mpaka leo. Wenzangu husema najidai. Na waseme, hawakumjua shangazi yangu Mwanaesha, aliyeamini kwamba sisi watu wa mtaa wa Kuze tuliumbwa kwa wali na walimwengu wengine kwa mavumbi.

Nilipokuwa mdogo, vita viliadimisha kuku na samaki, lakini mpunga wa shambani kwetu haukukatika. Mama alipomzaa ndugu yangu Saidi, shangazi ndiye aliyeshika mambo ya arubaini. Kadzo, mwanamke wa Majengo aliyetutwangia, aliamriwa autwange mpunga mpaka kila punje ing'ae. Mchele ukaoshwa maji saba, ukachemshwa, na maji yake yakamwagwa. Kunde zilikatazwa, eti mtoto angepata msokoto. Mchicha nao ulikatazwa, eti una baridi. Mama akawa ni wali na chai ya rangi, asubuhi na jioni. Pumba alizichukua Kadzo akawapikie wanawe uji, nasi tukamcheka.

Kwetu mzazi hutoka arubaini amenona, na hiyo ndiyo fahari ya nyumba. Mama alinona miguu. Shangazi aliwaita majirani waje waione, nao, wajinga wenzake, wakasema mashaallah. Mimi nilibonyeza kidole kwenye muundi wa mama, shimo likabaki, nikacheka. Yeye alikuwa akihema kwa kuinuka kitandani tu. Arubaini ikaisha, shangazi akaendelea kumlisha vilevile, kwa kuwa unono ulikuwa ukizidi. Saidi akalia mpaka sauti ikamkauka, akawa afunua kinywa bila mlio. Shangazi aliwaambia wageni kwamba mtoto ni mtulivu, amemfuata babake.

Kadzo alijikaza akasimama mlangoni. "Mzazi huyu hakunona, bibi, amevimba. Mpeni uji wa pumba."

"Nyumba hii haili chakula cha kuku," shangazi akajibu, wala hakugeuka.

Saidi alikufa akiwa na miezi mitatu. Shangazi akiwa ameshughulika kupokea rambirambi, Kadzo alimpenyezea mama bakuli la uji, siku hiyo na siku zilizofuata. Miguu ikanywea. Shangazi akajisifu kwa dua zake.

Nilipojifunza uuguzi ndipo nilipoambiwa kwamba ule ni ugonjwa wa beriberi, uliompata Saidi kwa maziwa ya mama na kumkausha sauti, na kinga yake imo katika lile ganda jembamba la mchele tulilomwachia Kadzo. Nilimdharau shangazi tangu siku hiyo, na sijutii. Ila wa kwanza kujua kwamba Saidi amepotewa na sauti nilikuwa mimi, niliyelala chumba kimoja naye. Sikumwambia mtu. Nilifurahi, kwa kuwa sasa niliweza kulala.