Siku Treni Ziliposimama Auburn

Harufu ya amonia, hata ile kidogo iliyomo kwenye dawa ya kusafishia vioo, hunirudisha Auburn, kitongoji cha ugenini tulikohamia, miaka ya korona, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja.

Ng'ambo ya reli kulikuwa na kiwanda cha kugandisha nyama. Alasiri moja bomba lake la amonia likapasuka. Macho yakaanza kutuwasha, na polisi wakapita na vipaza sauti: tokeni, nendeni uwanjani, mabasi yatawapeleka mbali zaidi. Treni zote zikasimamishwa.

Mama alikuwa zamuni kwenye nyumba ya wazee, Baba alikuwa njiani kutoka kazini, ghala la Liverpool, kitongoji kingine cha jiji lilelile. Nyumbani tulikuwa mimi na Bibi, mama yake Baba. Bibi akazima jiko, akafunga sufuria ya maharage kwa kitenge, akajitwika kichwani, tukatoka.

Niwaambie kweli, mimi nilifurahi. Miezi mingi tulikuwa tumefungiwa ndani, na sasa mtaa mzima ulikuwa kwenye nyasi, umevaa barakoa! Majirani tuliowajua kwa kupungiana mikono madirishani walikuwa pale, na mama mmoja wa jengo la pili alikuwa akigawa tende.

Mabasi yakaja. Bibi akagoma kupanda.

"Mwana wangu iko njiani," aliniambia. "Siende popote."

Nikamwambia kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto, kwamba Baba atatufuata. Alinielewa vizuri, ila akakaza sufuria kichwani. Simu ya Baba ilikuwa haipatikani. Polisi akamsihi, mimi nikitafsiri huku nikiona haya. Bibi alisimama wima, macho barabarani, hadi likabaki basi la mwisho.

Ndipo Baba akatokea, shati limelowa jasho. Treni ilikuwa imewashusha abiria wote Granville, vituo viwili kabla ya kwetu, akaja kwa miguu.

"Mama, mbona hamkupanda?"

"Ungetupata wapi?"

Tulipofika kwenye bustani tulikopelekwa, Bibi akafungua sufuria. Sijawahi kula maharage matamu kama yale.

Nilipokuwa mkubwa Baba alinisimulia kwamba walipokimbia vita Uvira, yeye akiwa mdogo, Bibi alisukumwa kwenye lori akaambiwa mumewe atafuata na la nyuma. Lori la nyuma halikufika. Mimi uwanjani niliona ukaidi tu. Sasa namkumbuka bustanini, ameketi kwenye nyasi, akimtazama mwanawe akila, na akimwongezea kabla hajaomba.