Mahoka ni Watu Wetu

Juzi nilipita Nachingwea mjini nikakuta mhubiri karibu na stendi, ana spika mbili, na sauti yake ilikuwa inavuka hadi Msumbiji na kurudi bila pasi. Binti mmoja alikuwa amelala mavumbini, mhubiri kamsimamia kichwani, anafoka, "Mahoka, tokeni!" Andazi likanikwama kooni, rafiki yangu, na mimi si mtu wa kushindwa na andazi.

Neno hilo nililijua kwa bibi yangu, kijijini Naipingo, miaka ya tisini. Kwetu Wamwera mahoka ni wazee wetu waliotangulia. Bibi alikuwa Mkristo wa kubatizwa, Jumapili alifika kanisani kabla kengele yenyewe haijaamka. Lakini kabla ya kupanda mtama alichota unga kwa vidole vitatu, akauweka chini ya mti wa msolo nyuma ya jiko, akamwarifu marehemu mama yake kwamba jembe linaingia shambani. Kisha alitukaangia karanga, harufu yake ingeweza kumfufua mtu. "Mungu ni wa kuombwa," alizoea kusema, "mama ni wa kuambiwa."

Akaja mwalimu wa dini, mgeni kutoka mbali, mtu mwema aliyejifunza Kimwera kwa haraka ya mtu anayekimbia mvua. Jumapili moja alisoma barua ya mtume kwa waumini wa kwanza, pale anapowakataza kukaa meza moja na mashetani. Vikongwe wa mbele Kiswahili kiliwapiga chenga, akawatafsiria. Kimwera cha "mashetani" hakuwa nacho, akashika neno alilolisikia likitajwa penye unga: mahoka.

Bibi akasimama.

"Mwalimu, na mama yangu yumo?"

"Wote wamo, bibi."

"Ndiye aliyenifundisha kutoiba."

"Keti, bibi, tuendelee."

Tangu siku hiyo unga haukuwekwa tena. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuwa akipeta naye ufuta, alimtania, "Shoga, wazee wako watakufa njaa mara ya pili." Bibi hakucheka.

Masika hayo mdogo wangu wa kike alishikwa na homa. Mtoto yule akicheka, kuku wa kijiji kizima walidhani kumekucha. Homa ilimchukua tukiwa bado tunatafuta baiskeli ya kumpeleka zahanati. Zamani bibi angekwenda msoloni na kumwambia mama yake: mjukuu anakuja, mpokee. Safari hii hakuwa na wa kumwambia. Mwalimu alipokuja kutuombea, bibi alimuuliza polepole, "Na huyu sasa keshakuwa mahoka?"

Mwalimu akafungua kitabu, akakifunga.

Bibi hakurudi kanisani, wala msoloni. Miaka yote iliyobaki alikaa katikati hapo, anapeta ufuta, hana wa kumwomba wala wa kumwambia. Hivyo hivyo akafa.

Nilipokuwa nasoma shule ya usiku Ruangwa, niliisoma barua ile mwenyewe. Kumbe waumini wale wa kwanza nao walisumbuliwa na nyama iliyotolewa kwanza sadaka kwa sanamu. Wenye elimu waliila wakicheka, wengine ikawaumiza mioyo, na mtume akawageukia wenye elimu: yeye angeacha nyama kabisa kuliko kumwangusha ndugu. Maneno hayo yako kurasa chache tu nyuma ya yale aliyosomewa bibi. Hakuna aliyemfunulia.

Msolo wetu siku hizi ni mkaa, umeshapika chai ya watu. Watoto wa Naipingo ukiwauliza mahoka ni nini, wanakujibu bila kufikiri: mapepo.

Pale stendi mhubiri aliinama. "Taja jina lako!"

Binti akataja jina la kike, la kizamani. Umati ukapiga makofi. Mama yake alikuwa kando yangu, ameshika kandambili za mwanawe.

"Hilo la bibi yake," akaninong'oneza. "Ndiye aliyemlea."

Kisha akazibana kandambili kwapani, naye akapiga makofi.