Senene wa Mbwa

Juzi ilikuwa siku ya kuchanja mbwa kijijini Nyakasimbi. Kwenye foleni nilisimama nyuma ya mzee mmoja na mkewe. Mbwa wao hatulii: kuku akipita anamfuata, mbuzi akilia anageuka. Mzee akatoa mfukoni kifurushi cha jani la mgomba, akachagua senene mmoja, panzi wa kukaanga, akamwinua juu ya pua ya mbwa.

"Keti!"

Mbwa akaketi papo hapo, akapewa.

"Shikamoo mzee," alisema bwana mifugo aliyekuwa akichanja, huku akicheka. "Umemfundisha vizuri."

"Marahaba. Namfundisha kufukuza nyani shambani, lakini bila senene hasikii. Ukimnyima siku mbili, anasahau hata jina lake."

"Ni kweli. Asiyepata kitu huchoka kutii. Nani anakukaangia?"

"Mama huyu. Anawakamata, anawanyonyoa mbawa na miguu, anawakaanga."

"Na yeye anawapenda?"

Mzee alishangaa. "Kwetu mwanamke hali senene. Ni mwiko."

Mama alikuwa akimtazama mbwa anavyojilamba. Akasema taratibu, "Bwana mifugo, mimi tangu niolewe nikiambiwa keti, naketi. Sijaonja hata mguu."

Mzee alikifunga kifurushi, akakirudisha mfukoni. Mbwa alipoona hapewi tena, akanyanyuka, akawafuata kuku.

Wazee wetu walipomkataza mwanamke senene, walisahau kumkataza mbwa.

Mzee akamkimbilia mbwa wake. Ningekuwa yeye, ningeanza na mama, kabla naye hajanyanyuka.