Kabla Hujaagiza Hiyo Klachi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, Ijumaa ya jua kali na upepo wetu huu wa Dodoma unaotia vumbi hadi kwenye chai, nilipofungwa kitambaa machoni ndani ya gari la mteja, mimi fundi mzima mwenye cheti. Nitakusimulia, ila unisamehe nikirukaruka. Tangu juzi uliponitumia ile picha sijatulia. Naketi, nainuka, nafagia uwanja ambao nimekwisha kuufagia, narudi kuitazama simu. Jirani kaniuliza kama nina homa, nikamwambia ni joto tu.

Picha yenyewe ni ya klachi. Umeandika: "Shangazi, injini nimeiongezea nguvu, klachi ya zamani inateleza. Hii ndiyo kiboko yake. Naagiza Alhamisi." Vipande sita vya shaba, na katikati hakuna springi hata moja ya kupunguza mshtuko. Naijua sana. Niliwahi kuifunga kwa mikono hii, na nilivyojisifu siku hiyo ungedhani nimejenga reli.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke pekee kwenye gereji ya Mzee Salumu pale Nkuhungu. Mzee alikuwa Msandawe wa Kwa Mtoro, mtu wa maneno machache. Akigombana na bolti lililoshika kutu ndipo ungesikia Kisandawe chake, ulimi ukigonga na kualika kinywani, na sisi wengine tunasogea mbali. Alinifundisha karibu kila nilichojua, lakini nilimwona mzito. Damu yangu ilikuwa inachemka. Gari likiingia nilitaka liwe limefunguliwa kabla mwenyewe hajamaliza salamu.

Kilichonichosha zaidi ni desturi yake moja. Mteja akija kutaka klachi, Mzee hakushika spana kwanza. Aliingia kwenye gari, akakaa kiti cha abiria, akasema, "Haya, nipeleke unakokwendaga." Basi wanaondoka, pengine saa nzima, sokoni, kanisani, shambani kwa mtu, naye anatazama mguu wa kushoto wa dereva. Akirudi ndipo anataja klachi ya kufunga. Mimi nilikuwa nasema moyoni, huyu mzee anapenda lifti tu.

Siku moja akaja Bwana Chilewa, mpima ardhi, na gari lake jekundu la milango miwili. Gari la mbio hasa. Alikuwa amelifungia turbo kubwa kuliko ile ya kiwandani, na sasa akikanyaga mafuta kwenye gia ya nne, injini inalia, mshale wa mizunguko unapanda, gari lenyewe haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inajaa ndani. Klachi ilikuwa imezidiwa, hilo halikuhitaji mtaalamu. Mzee Salumu alikuwa msibani Chemba.

"Tumsubiri Mzee?" Bwana Chilewa akaniuliza.

"Wa nini?" nikamjibu. "Hili linataka klachi ya mashindano, basi."

Sikumuuliza anakwendaga wapi. Sikumuuliza anampakia nani. Nilifunga ile ya shaba pamoja na presha pleti ngumu, ile inayoibana sahani ya klachi, tukatoka kujaribu barabarani, na gari likaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Bwana Chilewa alicheka hadi machozi. Kweli klachi haikuteleza tena. Ila ilikuwa haina katikati: ama imeshika yote, ama haijashika kabisa, na pedali inataka mguu wa mcheza mpira. Alipolalamika kidogo kwamba kuondoka ni kwa mruko, nikamwambia, "Utazoea." Neno hilo linanikera mpaka leo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila Ijumaa mchana alikwenda Buigiri kumchukua binti yake, Eliza. Mtoto wa miaka tisa, haoni tangu azaliwe, anasoma bweni huko. Safari ya kurudi mjini ndiyo iliyokuwa saa yao wawili. Baba anamnunulia soda, binti anakunywa polepole kwenye chupa, huku anataja gia kwa kusikiliza injini tu: "Ya tatu hiyo, baba. Sasa ya nne." Walikuwa wakicheza mchezo huo tangu mtoto ana miaka minne.

Ijumaa ya kwanza na klachi yangu, walikuta malori yamepanga foleni Ihumwa. Simama, ondoka, simama, ondoka. Wewe mwenye macho unaona lori la mbele linasogea, unajikaza. Yeye angejikaza kwa kuona nini? Baba alipoachia pedali gari likaruka, chupa ikampiga mdomoni, na jino la mbele likakatika. Jino la ukubwani, mwanangu, lile lisiloota tena.

Jumatatu Bwana Chilewa akaja gereji. Mzee alikuwa amerudi. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea vizuri kuliko nilichokipata. Alisema kwa sauti ya chini, "Kabla jino halijakatika, tumetoka tu getini, mtoto kaniuliza, 'Baba, ni wewe unaendesha?' Sasa anasema Ijumaa hii atabaki shuleni. Hataki kupanda."

Mzee Salumu akanigeukia. "Ulikwenda naye?"

"Kwenda wapi, Mzee?"

"Anakokwendaga."

Hakunigombeza. Ijumaa ilipofika akaniambia niingie kwenye gari, kiti cha mbele, yeye akajikunja nyuma na magoti yake yale marefu. Tulikwenda hadi karibu na Buigiri, tukageuza. Hapo akanifunga macho kwa kilemba changu mwenyewe, akanipa soda iliyofunguliwa. "Kunywa," akasema, na Bwana Chilewa akaondoa gari.

Mwanangu, niliogopa. Sikuogopa mwendo, maana nimeupenda mwendo maisha yangu yote. Niliogopa kutojua ni lini. Kila tuliposimama nilibana meno nikisubiri kupigwa, na nikilegea tu, ndipo linaruka. Soda yote ilinimwagikia kifuani. Tulipofika Nzuguni nilivua kile kilemba nikawa nalia mbele ya mteja, tena bila aibu.

Mzee akasema kutoka nyuma, "Injini umeisikiliza vizuri sana. Wengine waliomo humu hukuwasikiliza."

Jumamosi asubuhi alipanda na Bwana Chilewa, wakazunguka wanakozunguka wao, nami mchana nikaishusha giaboksi. Safari hii tulianza kwa kujua injini inatoa nguvu kiasi gani hasa, si kwa kukisia kwa sauti yake. Tukatafuta klachi inayoweza kubeba nguvu hiyo na ziada kidogo tu. Sahani nzima, si ya vipande, yenye springi zake katikati, na presha pleti yenye mkazo zaidi ya ile ya kiwandani lakini mguu unaiweza. Uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hushikia, tukauchonga ukawa safi. Mzee akamwonya mwenye gari aliendeshe polepole mpaka sahani mpya izoeane na mwenziwe, na mbio zisubiri.

Ijumaa tatu baadaye niliomba niende nao. Eliza alikuwa amesimama nje ya geti na begi lake, mkono juu ya paa la gari, haingii.

"Nani ameitengeneza hiyo klachi?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Na aliyeiharibu ni mimi pia. Nisamehe, mwanangu."

Akafikiri. "Basi dada kaa wewe mbele. Na soda ushike wewe."

Nikakaa mbele na chupa imejaa mpaka shingoni. Tulifika Ihumwa, malori yale yale, simama, ondoka. Mara ya tatu tulipoondoka, nilihisi mkono mdogo unapita begani kwangu kutoka nyuma, ukashuka kwenye mkono wangu, ukagusa chupa, kisha ukapapasa gauni langu pale kifuani. Lilikuwa kavu.

"Simamisha, baba," akasema. "Tubadilishane."

Nikahamia nyuma. Tulipoipita Ihumwa nikamsikia: "Ya tatu hiyo. Sasa ya nne." Na ile "sasa" ilipita kwenye pengo la jino kwa mluzi mwembamba. Alizidi kukua na mluzi ule ule.

Sasa wewe. Sikukatazi kuongeza klachi. Injini yenye nguvu hiyo juu ya klachi ya zamani itakuacha njiani, hilo uko sahihi. Lakini nakwambia hivi: jua kwanza nguvu uliyonayo, chukua klachi inayoitosha, usichukue inayokupa sifa kijiweni. Ile ya shaba ni ya uwanja wa mashindano, dereva peke yake na kofia kichwani. Wewe kila Jumanne unampeleka mama yako kwenye mazoezi ya nyonga yake iliyovunjika. Na wifi yangu namjua. Gari lako litamrusha, atashika mlango, atauma midomo, akishuka atakwambia, "Asante baba, gari zuri." Wewe utaamini.

Kwa hiyo usiagize Alhamisi. Jumanne nakuja. Mwambie mama yako akae nyuma siku hiyo moja, mimi nitakaa mbele nikiwa na soda yangu mkononi, na wewe utanipeleka unakokwendaga. Baada ya hapo tutachagua pamoja.

Mungu akulinde wewe na mikono yako, akupe mwendo unaoutamani, na kila unayempakia ashuke kwako akitamani kupanda tena.