Aliyeitikia Hodi

Juzi, kwenye duka la vipuri vya AC pale Mirongo, mama mmoja alikuwa akimtambia muuzaji kwamba safari hii amepata fundi mwenye leseni. "Hawa wa kuokoteza wamenichosha." Akampigia simu, akaweka spika sote tukasikia. "Fundi, ukifika nisubiri getini."

"Mbona nipo ndani tayari, mama. Nilipiga hodi, bibi akanikaribisha."

Mama akatazama funguo za nyumba mkononi mwake. "Bibi gani? Mimi naishi peke yangu."

"Si huyu hapa amekaa! Anasema AC ya nini, yeye siku hizi hasikii joto."

Muuzaji akarudisha kabatini taratibu bomba la AC alilokuwa akimuuzia.

Wasomaji wangu, tunahangaika kukagua leseni ya anayepiga hodi. Ya anayeitikia, nani kaiona?