Bi Kijakazi Aliyejitwalia Watani

Bi Kijakazi alikuwa na nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Yeye ni Mzaramo wa Maneromango. Asubuhi alipika vitumbua barazani, mchana alilala, jioni alikaa mkekani akimtania kila apitaye. Wanyamwezi na Wasukuma ndio walioipata hasa, maana hao ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara ya pembe. Akimwona Mnyamwezi amevaa suruali mpya, humwuliza, "Nani kakufundisha kuvaa, we mbeba mizigo?" Mnyamwezi hucheka, humjibu neno la kumkera, kisha hununua vitumbua.

Sisi hakututania. Mimi na mume wangu Filbert tulitoka Kibosho, tukapanga kwake vyumba viwili. Cha mbele Filbert alikifanya duka la sabuni, chumvi, mafuta ya taa, na sukari ikipatikana. Bi Kijakazi alitusalimu vizuri, na kila asubuhi alimpa mwanangu Candida kitumbua, lakini utani hapana. Mchaga na Mzaramo hawana utani. Watani wetu sisi ni Wapare, na Wapare niliowajua mjini walikaa Magomeni huko. Mtu asiye mtani wako akikwambia neno, hilo ni tusi.

Na maneno yalikuwepo. Mwaka ule mvua ilikosekana, tukala unga wa manjano ulioletwa kutoka ng'ambo, watu wakauita yanga. Foleni kwenye duka la ushirika zilianza kabla jua halijatoka. Mimi usingizi wangu ni mwepesi, na dirisha letu lilitazama bomba la maji la mtaa, kwa hiyo nilisikia mengi. Nilijua nani anaitika salamu yangu na nani anajifanya kutazama kucha zake. Rajabu, mpangaji wa chumba cha uani, kuli wa bandarini na Mzaramo kama Bi Kijakazi, alikuwa akisema makusudi kwa sauti, "Sukari haijapotea. Sukari imelala chini ya kitanda cha Mchaga." Wenzake wanacheka, ndoo zinajaa mpaka zinamwagika. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na beseni na viatu vya shule vya Candida.

Filbert si mtu wa maneno. Aliacha kula uani, tukawa tunakula ndani na mlango umefungwa, joto kama la tanuri.

"Baba Candida, ukifunga mlango ndio wataamini," nikamwambia.

"Waamini."

Katika hali hiyo ndipo baba mkwe wangu, mzee Aristides, alipokuja kutibiwa kifua. Alikuja juu ya lori la kabichi lililoleta mzigo sokoni. Alivaa koti zito la sufu, na hakulivua hata katika joto la Februari. Alikaa barazani karibu na Bi Kijakazi, jasho likimtiririka, na kila siku alimwuliza swali moja, "Mama, huku upepo mnauweka wapi?" Bi Kijakazi alimtazama koti, midomo ikamcheza, akanyamaza kwa heshima. Niliona jinsi kunyamaza kulivyomtesa.

Mzee alifariki asubuhi moja, muda mfupi baada ya kunywa uji.

Pwani mtu akifariki asubuhi, alasiri amekwisha zikwa. Kwetu mtu huzikwa kwenye kihamba chake, kwenye migomba ya baba zake, popote atakapofia. Filbert alikwenda kwa maseremala wa Gerezani kutafuta jeneza, kisha sokoni kutafuta lori la kurudi Moshi. Dereva akasema ataondoka jioni, akishapakua. Basi maiti ikalala chumbani mchana kutwa, na mtaa ukachukia. Nilimsikia Rajabu bombani, "Hebu oneni, maiti inangoja lori kama gunia la viazi."

Nilikuwa nimetandika mikeka uani mapema. Adhuhuri ikapita, mikeka mitupu. Walikuja Wachaga watatu wa sokoni na katekista, wakakaa pembeni kama wageni waliokosea nyumba. Jirani hata mmoja hakuingia. Kila mtu wa Dar es Salaam anajua maana yake. Unaweza kususiwa harusi na bado ukaishi na watu. Ukisusiwa msiba, huna mtaa.

Filbert alikaa kwenye kizingiti, akasema bila kunitazama, "Tukishamzika baba, haturudi. Duka atachukua atakayelitaka."

Nikamtazama Candida. Amezaliwa mtaa ule ule, Kichaga chake ni cha kuomba maji tu. Nikajiuliza nitampeleka wapi mtoto huyu hata aitwe wa kwao.

Bi Kijakazi alikuwa amejifungia chumbani tangu asubuhi. Na yeye nilikwisha mweka katika waliotususa.

Mara mlango wake ukafunguka. Alitoka amevaa koti la mzee, lile la sufu, nililokuwa nimemvua baada ya kufa nikalianika, naye akalichukua kambani bila mimi kuona. Alikuwa ameinama, mkono kifuani, anakohoa kikohozi kile kile cha mzee Aristides, anaburuta mguu kama yeye. Akasimama katikati ya uani, akajipepea kwa kola.

"Jamani," akasema kwa sauti ya marehemu, "huku upepo mnauweka wapi?"

Filbert aliinuka, ngumi amekunja. Bi Kijakazi akampita, akaenda kujilaza chali mlangoni mwa chumba chenye maiti.

"Hatoki mtu hapa! Mchaga huyu kaja na lori la kabichi, sasa anataka kuondoka na lori la kabichi, hata kuniaga hajaniaga! Kanywa uji wangu, kakalia mkeka wangu, asubuhi naamka kafa! Kaogopa nitamwambia anunue vitumbua!"

"Mama, unamtukana baba yangu," Filbert akasema.

"Namtukana, ndiyo! Na wewe lia vizuri. Unalia kama unapima sukari, chembe chembe!"

Katekista alijifunika uso. Lakini mimi nilikumbuka jambo jingine. Kwetu mzee akifa, Mpare huja hivi hivi. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huzuia mlango, wafiwa wakacheka wasitake. Nikamshika Filbert mkono.

"Baba Candida, huu ni utani."

"Mzaramo si mtani wetu."

Bi Kijakazi akainua kichwa kutoka sakafuni. "Nani kakwambia? Kwani Mnyamwezi alizaliwa mtani wangu? Alikuja na mizigo yake, wakagombana na babu zangu, wakachoka kugombana, wakacheka. Nyinyi mmekuja na kabichi. Kuanzia leo Wachaga wa mtaa huu ni watani zangu, na asiyetaka akanishitaki kwa balozi wa nyumba kumi!"

Kisha akageuza shingo kuelekea bombani. "Rajabu! We Rajabu, njoo hapa!"

Rajabu akaja, na nyuma yake wakaja wengine waliokuwa wakichungulia.

"Siku zote hizi unasema sukari imelala chini ya kitanda cha Mchaga," Bi Kijakazi akamwambia. "Ulikuwa unatania au ulikuwa unatukana?"

Watu wote walikuwa wanamtazama Rajabu. Akisema alitukana, ametukana wafiwa mbele ya maiti. Akisema alitania, kila mtu pale anajua mtani ana kazi zake msibani. Yeye ndiye huchota maji, hupika, hubeba. Huwezi kuchukua mzaha ukaacha mzigo.

"Si natania tu, Bi Kijakazi."

"Basi beba."

Mtu mmoja akacheka, halafu wa pili. Filbert mwenyewe nikaona mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, kwa sauti, kama alivyoambiwa. Wanawake wakaingia na masufuria. Rajabu na wenzake wa bandarini waliubeba mwili wa mzee mpaka kwenye lori, na njia nzima wakaimba, "Mchaga mzito huyu, kajaza sukari mifukoni!" Mtaa wa Sikukuu ulisimama wote kutuaga.

Nilidhani imekwisha. Dereva alipowasha gari, Bi Kijakazi akanyoosha mkono avutwe juu.

"Mtani haachi kazi njiani," akasema, na koti la mzee bado mwilini.

Kibosho walimshangaa Mzaramo wa kanga mbili na koti la kiume. Yeye naye alishangaa kuona kaburi limechimbwa kwenye migomba, karibu na mlango. "Mnalala na wafu wenu! Ndiyo maana hamwogopi mtu sokoni." Mtani wetu wa Kipare, mzee Ramadhan Mshana, alikuwa amekwisha fika na kuvaa kofia ya marehemu. Alipomwona Bi Kijakazi akakasirika kweli.

"Wewe umepotea njia? Maiti huyu ni wangu."

"Ulikuwa wapi wakati nalala mlangoni mwake? Nimepanda naye lori usiku kucha. Wewe umetembea kutoka kwa jirani, unajiita mtani!"

Walibishana mpaka wazee wa ukoo wakashika mbavu. Mwisho mzee Ramadhan akabaki na kofia na fimbo, Bi Kijakazi akabaki na koti, akasema sasa ameelewa kwa nini marehemu hakulivua, maana baridi ile ilimwingia mpaka kwenye meno. Mbuzi alichinjwa na mzee Ramadhan mwenyewe, ambaye ni Mwislamu, ili na mtani wa pwani apate kula.

Filbert hakusema tena habari ya kuacha duka. Siku ya kurudi nilimkuta amekwisha panda lori, amempakata Candida, amemwekea Bi Kijakazi nafasi mbele kwa dereva.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa zinaanza, Rajabu alikuja dukani macho mekundu. Mama yake, Bi Zamzam, aliyekuwa akinunua dukani kwetu kila alipokuja kumtembelea, alikuwa amefariki Ilala. Hakununua kitu. Akasema tu, "Mtani, unaitwa."

Filbert alivua aproni. Niliogopa, maana mume wangu hawezi kuchekesha hata mtoto. Tulifuatana na Bi Kijakazi mpaka Ilala, uani kumejaa watu wa pwani wenye kofia na kanga. Filbert akaomba ushungi wa marehemu, akajifunga kichwani, akajilaza mlangoni na viatu vyake vya ngozi.

"Hatoki mtu," akasema. Akakohoa. "Bi Zamzam huyu, ee, hajawahi kununua kitu kwangu bila kuomba nyongeza. Na leo anataka peponi, ee, na nyongeza."

Bi Kijakazi akanifinya. "Mumeo anatania kama anasoma taarifa ya habari."

Lakini Rajabu alikuwa ameshika tumbo, anacheka, machozi yanamdondoka kidevuni. Aliinama, akampa Filbert mkono wa kumwinua. "Haya, Mchaga. Beba."

Filbert akaingiza bega chini ya jeneza, wakatoka naye.