Video ya Tisa

Mwaka ule video za muziki ziliuzwa kando ya barabara mjini Kisumu, nyimbo ishirini kwa CD moja, zimefungwa kwenye nailoni, na jaladani kumejaa picha ndogondogo kama za kitambulisho. Tangu hapo nimehama miji mingi na vitu vingi vimenipotea njiani, lakini mpangilio wa nyimbo za CD moja bado ninao kichwani, kama mshtakiwa anavyokumbuka ngazi za mahakama.

Nilikuwa nimechoka kupakia miwa Muhoroni, nikahamia Dunga, ufuoni mwa ziwa, kupakia samaki kwenye barafu. Asubuhi moja akaja mwimbaji wa benga, amevaa suti na miwani myeusi, na mpiga picha nyuma yake. Wacheza ngoma wake wa kukodi hawakutokea. Akatutazama tuliokuwa ufuoni, akaninyooshea kidole.

"Wewe mrefu, unajua kukatika kiuno?"

Nilijua. Nikavua shati, nikafungwa wavu wa kuvulia omena, dagaa wa ziwani, kiunoni kama sketi, nikapandishwa kwenye mashua iliyokuwa nchi kavu. Kina mama wanaopasua samaki wakaweka visu chini.

"Huyu hana mifupa," mmoja akasema.

"Anayo," akajibu mwenzake, "ni skrubu zimelegea."

Mpiga picha alipiga magoti, na kamera yake haikupanda tena juu ya kitovu changu. Nililipwa soda na samaki mmoja mnono, ngege, nikadhani mambo yameishia hapo.

Sasa, nilikuwa na mchumba wa Bondo. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama, na mama hakuwapenda wanaume wasiokaa mahali pamoja. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, alimtuliza kwa kumwambia kuwa mimi ni mwanakwaya, mtu wa Biblia na kulala mapema. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka unaumwa tumbo. Huli naye meza moja, hufanyi mzaha mbele yake, na mkikutana kwenye kijia mmoja wenu anaingia kichakani. Kumwonyesha kiuno kinavyofanya kazi ni jambo ambalo hata adhabu yake sikuwahi kuisikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kulijaribu.

Jumamosi tuliyokwenda kujitambulisha, mimi na mjomba tuliketishwa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Mama alitusalimia akiwa mlangoni, macho yake yakiwa kwenye sakafu, akarudi jikoni. Kaka wa mchumba wangu, mtu mzima mwenye sauti ya ualimu, akasugua mikono.

"Wageni wa Kisumu hawawezi kukaa kimya kama wako matangani. Nimewanunulia CD hii leo asubuhi sokoni."

Akaniletea jalada nilione. Nikalitazama picha kwa picha, na kwenye ya tisa nikaona mashua. Ndani ya mashua kulikuwa na kitu kirefu chenye wavu.

"Mjomba," nikanong'ona, "namba tisa ni mimi."

"Wewe unaimba?"

"Sina shati."

Mjomba alikunywa soda yake yote bila kupumua.

Basi tukatazama. Ya kwanza ilikuwa kwaya iliyovaa majoho meupe, imeingia ziwani mpaka magotini, wanatabasamu huku gugumaji likiwasukuma kidogokidogo kutoka kwenye picha. Ya pili, kijana aliyeegemea gari jekundu, na kwenye kioo cha gari unamwona mwenye gari akisubiri funguo zake. Ya tatu, vijana wa mtaa wa Kondele waliovaa makoti ya baridi na kofia za sufu saa sita mchana, wanatishia mtu ambaye hatukuonyeshwa. Kwenye ya nne mrembo alibadilisha nguo mara tano mbele ya ua lilelile, na mara zote mbuzi yuleyule alikuwa anakula ua hilo, kwa hiyo kufikia mwisho lilikuwa limebaki nusu. Ya tano, mwenye kuhariri alikuwa amegundua kitufe cha moto: mwimbaji analilia mpenzi wake na mabega yanamwaka. Kaka mtu alieleza kila moja kama somo la jiografia. Siku nyingine ningecheka mpaka nidondoke. Siku hiyo nilikuwa nahesabu tu na kuomba stima ipotee. Stima ya Bondo, iliyozoea kupotea kila wingu likipita, siku hiyo ilisimama imara.

Wimbo wa nane ulikuwa unamalizika shangazi wa mchumba wangu alipoingia na maji ya kunawa, mchumba mwenyewe akimfuata na sahani. Gitaa la kwanza la benga likalia. Nikasimama.

"Tuombe," nikasema.

"Chakula bado kinakuja," shangazi akasema.

"Tukiombee kikiwa njiani."

Kaka mtu akazima sauti ya televisheni kwa heshima ya Mungu. Picha akaiacha. Wote wakafumba macho, nikaanza.

Asiyeijua benga aelewe kwamba nyimbo zetu hazina haraka. Ule ulikuwa wa dakika saba, polepole mwanzoni, na mimi nilikuwa kule mwishoni, gitaa linapopamba moto. Nikaombea nyumba ile na msingi wake. Nikaombea chuo kikuu cha Bondo, walimu na wapishi wake. Nikaombea mvua. Mjomba akasema "Amina" kwa nguvu, lakini nikampita. Nikaombea wavuvi, mashua zao na mbao za mashua zao, nikaenda mpaka Muhoroni nikaombea matrekta ya miwa, magurudumu ya mbele na ya nyuma. Taabu ni kwamba sauti ilikuwa imezimwa, kwa hiyo sikujua wimbo umefika wapi. Nikafumbua jicho moja.

Kwenye televisheni, kiuno changu kilikuwa kimejaza kioo kizima. Na mlangoni, ameshika bakuli la kuku kwa mikono miwili, mama mkwe alikuwa amesimama, macho wazi. Akatazama kioo. Akanitazama mimi. Akatazama kioo tena, kama mtu anayelinganisha sahihi mbili.

"Na utusamehe," nikasema, "hasa sisi tuliopo. Amina."

Mama mkwe aliweka bakuli mezani akatoka. Mchumba wangu, aliyekuwa akipanga sahani pembeni, alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha vyombo, na sikujua kama analia. Video ya kumi ilianza, hata kaka mtu hakuieleza.

Kisha shangazi akaitwa jikoni, kwa maana mama mkwe hawezi kunisemesha jambo kama hilo mwenyewe. Alikaa huko muda mrefu. Tulisikia sauti mbili zikinong'ona, halafu kitu kama mtu anayekohoa ili asicheke. Aliporudi alisimama wima kama mjumbe wa chifu.

"Mama anauliza, yule wa kwenye mashua ni nani?"

Mjomba alifungua mdomo. Nikamwahi. "Ni mimi, shangazi."

"Anasema alishajua. Hiyo video ilichezwa hapa sokoni wiki nzima, na urefu wako aliutambua ulipokuwa unashuka pikipiki." Hapo uso wake ukajitahidi usicheke. "Anasema alikuwa anangoja aone utafanya nini. Mtu asiye na aibu angekaa atazame pamoja naye. Wewe umezunguka wilaya nzima kwa maombi ili usimkosee heshima. Kwa hiyo amekubali."

Mjomba akapumua. Kitambaa cha vyombo kikashuka, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa amecheka mpaka machozi.

"Lakini," shangazi akaendelea, "anasema kuku amepoa. Na hatampasha."

Tulimla hivyohivyo, mafuta yameganda na ugali umekuwa mgumu. Nilikula mpaka nikafuta bakuli, kwa sababu nilijua kuna mtu anasikiliza nyuma ya ukuta wa jikoni.